Tupime Damu ya Mtoto, Tusipime Kabila Lake

Kila wataalamu wanapotangaza kwamba damu ya watu wa asili moja si sawa na damu ya watu wa asili nyingine, hutokea makundi mawili. Kundi la kwanza hufurahi, kwa kuwa hudhani limepata ushahidi wa lile neno lake la siku zote, kwamba wanadamu waliumbwa kwa madaraja. Kundi la pili hukasirika, likasema kwamba habari hizo ni uzushi wa wabaguzi wala hazifai kusikilizwa. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepotoka, na gharama ya upotofu wao hulipwa na mtu asiyeweza kujisemea, yaani mtoto mchanga wa siku tatu.

Jambo lenyewe ni hili. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna vimeng'enya, yaani vitu vidogo mno viharakishavyo kazi za mwili. Kimojawapo huitwa glukosi-6-fosfeti dehidrojenesi, na kwa urefu wa jina hilo madaktari wamezoea kukiita G6PD. Kazi yake ni kuiwezesha chembe ya damu kujikinga na sumu kali zitokanazo na baadhi ya dawa, vyakula na maradhi. Chembe yenye kimeng'enya cha kutosha hustahimili. Chembe iliyopungukiwa hupasuka kabla ya siku zake. Wapo watu wenye afya njema kabisa, wanaolima mashamba, wanaopakua shehena bandarini na kuendesha mitambo viwandani, ambao kimeng'enya hiki ni haba damuni mwao tangu kuzaliwa. Wanakadiriwa kufika milioni 400 duniani kote, na wengi wao huishi hata uzeeni bila kujua.

Upungufu huo haukugawanywa sawa kwa mataifa yote. Ulaya ya kaskazini ni nadra kuonekana. Afrika ya kitropiki, nchi zilizoizunguka Bahari ya Kati, Arabuni, Bara Hindi na Asia ya Kusini-mashariki ni jambo la kawaida. Miongoni mwa Wamarekani weusi, mwanamume mmoja hivi katika kila kumi anao. Tena upungufu wenyewe una namna nyingi. Ile namna iliyoenea Afrika huacha sehemu ya kumi au zaidi ya nguvu ya kimeng'enya. Ile ya nchi za Bahari ya Kati haiachi karibu chochote. Kwa hiyo hata ukiwapima watoto wachanga wenye afya, waliozaliwa siku moja katika hospitali moja, waweza kuona kwamba wastani wa kundi moja si wastani wa kundi jingine. Hiyo ni kweli, na kweli haigeuki kwa kukasirikiwa. Lakini maana yake ni nini? Hapo ndipo panapohitaji akili.

GEREZA LA STATEVILLE

Yafaa tukumbuke jinsi jambo hili lilivyojulikana, kwani historia yake haina usafi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilihitaji dawa za malaria kwa ajili ya askari wake waliopigana katika visiwa vya Pasifiki. Kuanzia mwaka 1944, wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois waliambukizwa malaria kwa makusudi ili dawa zijaribiwe miilini mwao, wakisimamiwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Dk. Alf Alving. Ilisemwa kwamba wafungwa hao walijitolea wenyewe. Nasi twauliza: hiari ya mtu aliyefungiwa nyuma ya komeo ina uzito gani?

Baadhi ya wafungwa weusi walipopewa dawa iitwayo primakwini, chembe zao za damu zilipasuka kwa wingi, mkojo ukageuka rangi, nguvu zikawaishia. Uchunguzi uliendelea miaka kadhaa, na mwaka 1956 Carson na wenzake wakatangaza sababu yake, kwamba damu ya watu hao ilikuwa na upungufu wa G6PD.

Mwenye nia mbaya angeweza kusema mara moja, "Mwaona! Damu ya mtu mweusi ina kasoro." Lakini haikuchukua muda mrefu upungufu uo huo ukaonekana kwa Wagiriki, kwa Waitalia wa kisiwa cha Sardinia, na kwa Wachina. Miongoni mwa Wayahudi wa asili ya Kikurdi ulikutwa kwa zaidi ya nusu ya wanaume, kiwango ambacho watu weusi wa Marekani hawakukikaribia. Basi nadharia ya rangi ya ngozi ilikufa, na ilistahili kufa.

RAMANI YA MBU

Kama si rangi, basi ni nini? Jibu moja kubwa lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Dk. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1954 kwamba hali ya selimundu humkinga mtoto na malaria kali. Mwaka 1960 alitoa habari za upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1961 yeye pamoja na Dk. David Clyde wakaandika juu ya watoto wa Tanganyika wenye upungufu huo na malaria waliyokuwa nayo. Picha iliyojitokeza ni hii: mahali ambapo malaria iliua watoto mwaka baada ya mwaka, upungufu ulikuwa mwingi, katika nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu hakustawi, ulikuwa mchache.

Mwaka huo huo wa 1961, Siniscalco na wenzake walileta habari kutoka Sardinia zilizokata mzizi wa fitina. Watu wa kisiwa hicho husema lugha moja, husali dini moja, na rangi yao ni moja. Hata hivyo, vijiji vya bondeni vilivyosumbuliwa na malaria tangu zamani vilikuwa na upungufu mwingi, na vijiji vya milimani vilikuwa nao kidogo. Ikiwa damu ndiyo taifa, itakuwaje mtu wa bondeni na jirani yake wa mlimani wawe mataifa mawili?

Wataalamu wa baadaye wamebishania ni nani hasa anayekingwa zaidi, mvulana au msichana, na kwa kiasi gani. Lakini ramani haikubishaniwa. Upungufu wa G6PD ni alama iliyoachwa na malaria katika damu ya wale walionusurika. Wazee wetu hawakuipata alama hiyo kwa unyonge. Waliipata kwa kuokoka. Mtu asijivunie kuikosa, wala asione haya kuwa nayo.

MTOTO WA SIKU TATU

Sasa tuje kwa mtoto. Kila mtoto anapozaliwa huwa na chembe nyingi za damu zinazokufa na kuvunjwa. Katika kuvunjwa kwake hutoka kitu cha manjano kiitwacho bilirubini, ambacho ini lapaswa kukiondoa. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, ndiyo maana watoto wengi huwa na macho na ngozi ya manjano kwa siku chache, kisha wakapona. Wasomaji wasichanganye jambo hili na homa ya manjano iletwayo na mbu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Lakini mtoto aliyepungukiwa G6PD aweza kuvunjika chembe nyingi kwa ghafula, na manjano yake yakapanda upesi kupita kiasi. Bilirubini ikizidi mno huingia katika ubongo, na madhara yake hayafutiki: mtoto hufa, au huishi akiwa kiziwi na viungo vyake havimtii. Madaktari huita hali hiyo kernikterasi. Katika orodha ya watoto waliopatwa na maafa hayo iliyokusanywa Marekani, nchi yenye hospitali nyingi na fedha nyingi, karibu mmoja katika kila watano alikuwa na upungufu wa G6PD.

Kichocheo huweza kuwa kitu kidogo cha nyumbani. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vitiwavyo sandukuni kuzuia nondo, yaani naftalini, huivunja damu ya mtoto wa namna hii. Mama huzitoa nguo za mtoto mkubwa zilizokuwa sandukuni, akamvisha mdogo kwa mapenzi yote, kumbe amemvisha sumu. Nchini Nigeria, mwaka 1980, madaktari Olowe na Ransome-Kuti walionya juu ya vitu vyenye mentholi ambavyo watoto wenye upungufu walitiwa. Huyo Olikoye Ransome-Kuti baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi yake. Hata hivyo mara nyingi hakionekani kichocheo chochote, na hakuna wa kulaumiwa.

Na tuseme wazi juu ya lawama. Upungufu huu hurithiwa kwa njia ya kromosomu ya X, kwa hiyo mtoto wa kiume huupata kwa mama yake, na wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana. Wako watakaosikia hivyo wakaanza kumnyooshea mama kidole. Huo ni ujinga, nao haufai kuvumiliwa. Mama huyo naye aliupata kwa wazazi wake, nao kwa wazazi wao, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeokoka homa kondeni.

KOSA LA KUPIMA KWA MACHO

Tulisema kwamba makundi yote mawili yamepotoka. Hebu tuthibitishe.

Wanaosoma rangi badala ya damu wamepata fundisho Marekani kwenyewe. Katika mwongozo wake wa mwaka 2004 kuhusu manjano ya watoto wachanga, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliutaja weusi wa mtoto miongoni mwa mambo yanayopunguza hatari. Ni kweli kwamba kwa wastani watoto weusi wa nchi hiyo hawakupata manjano mengi. Lakini wastani ni wa kundi, na ugonjwa ni wa mtoto. Ndani ya kundi hilo hilo walikuwamo wenye upungufu wa G6PD, na hao ndio walioangamia. Tena manjano ni vigumu kuyaona kwa macho juu ya ngozi nyeusi. Hivyo mtoto aliyekuwa katika hatari kubwa aliweza kurudishwa nyumbani kwa kudhaniwa kuwa salama. Katika mwongozo mpya wa mwaka 2022, rangi iliondolewa katika hesabu, na badala yake daktari akaagizwa aulize habari za ukoo na asili ya wazazi, na aukumbuke upungufu wa G6PD.

Wanaokana kwamba tofauti zipo nao wamepata fundisho lao, na la kwao limetokea Afrika. Mwaka 2003 ilianza kutumiwa dawa ya malaria iitwayo Lapdap, ambayo ndani yake mna dapsoni. Ilikusudiwa Waafrika, watu ambao upungufu wa G6PD ni wa kawaida kwao. Ilipoonekana kwamba inavunja damu ya wagonjwa wenye upungufu huo, iliondolewa mwaka 2008. Dawa iliyokusudiwa bara letu ilipaswa kupimwa vizuri kwa damu ya bara letu kabla ya kufika kinywani mwa mgonjwa. Kudai kwamba binadamu wote ni sawa ni haki. Kudai kwamba damu zote ni sawa ni kuwanyima watu haki hiyo hiyo.

Tena kuna jambo la vipimo, ambalo wengi hawalijui. Nguvu ya kimeng'enya hiki kwa mtoto mchanga huwa kubwa kuliko kwa mtu mzima, kwa kuwa damu ya mtoto imejaa chembe changa. Ukitumia mpaka wa mtu mzima kumhukumu mtoto, waweza kumwita mzima naye ni mpungufu. Na ukitumia kipimo kilichotolewa kwa watu wa mbali, waweza kukosea pia. Ndiyo maana wataalamu hushauri kila maabara itafute kwanza kiwango cha kawaida cha watu inaowahudumia, kwa mashine yake yenyewe, kisha ihukumu kwa kiwango hicho. Huo ndio uhuru katika sayansi: kujipima kwa mizani yetu, tena mizani ya kweli.

WALIOTHUBUTU

Je, jambo hili lawezekana kwa nchi isiyo tajiri? Tutazame Singapore. Katika miaka ya 1950 na 1960 kernikterasi iliua watoto wengi huko. Nchi ilikuwa changa, nyumba zilikuwa za msongamano, na Wachina, Wamalay na Wahindi waliishi pamoja. Wangeweza kuanza mabishano ya nani ana damu mbovu. Madaktari kama Wong Hock Boon hawakwenda njia hiyo. Kuanzia mwaka 1965 walipima damu ya kitovu ya kila mtoto aliyezaliwa hospitalini, awe wa asili gani, na waliokutwa na upungufu wakawekwa chini ya uangalizi mpaka hatari ipite. Maafa yakapungua sana. Hawakumwuliza mtoto kabila lake. Walichukua tone la damu yake.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Tangu miaka ya 1960 Ernest Beutler alionyesha njia rahisi: damu kidogo huchanganywa na dawa, ikadondoshwa juu ya karatasi na kumulikwa kwa taa maalumu. Ikimeta, kimeng'enya kipo. Isipometa, ni haba. Na matibabu nayo yalianzia kwa jicho la mfanyakazi. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, mwaka 1956, muuguzi mkuu J. Ward, aliyependa kuwatoa watoto nje wapate hewa, aliona kwamba ngozi iliyopigwa na mwanga wa jua ilipoteza umanjano, na ile iliyofunikwa ilibaki vile vile. Daktari Cremer na wenzake walifuata alama hiyo, na mwaka 1958 wakatangaza tiba ya mwanga, ambayo leo hutumika duniani kote. Hata mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, njia ipo: majaribio yaliyofanywa Lagos na kutangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mwanga wa jua uliochujwa kwa karatasi maalumu huweza kufanya kazi kama taa za hospitali, chini ya ulinzi wa wauguzi. Si jua tupu la uani. Ni jua lililochujwa na kuangaliwa.

Basi kinachozuia si elimu. Mwaka 1989 kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilishauri kwamba, popote ambapo wanaume wenye upungufu hufika watatu hadi watano katika kila mia au zaidi, watoto wote wachanga wapimwe. Sehemu kubwa ya Afrika imo ndani ya mpaka huo. Hata hivyo katika nchi nyingi za bara hili mtoto huzaliwa, hupewa chanjo, na hurudishwa nyumbani kabla ya siku yake ya pili, wakati manjano hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Mtoto yu nyumbani, hatari yaja, na hakuna ajuaye.

TUNASEMA

Tunayotaka ni machache, nayo yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila hospitali kubwa ya uzazi ianze kupima G6PD kwa damu ya kitovu, na majibu yafike kabla mama hajaondoka. Pili, mtoto aliyeruhusiwa mapema aonwe tena na muuguzi kabla ya siku ya tano, na bilirubini ipimwe kwa chombo, isikadiriwe kwa macho. Tatu, kila kliniki ya wajawazito ifundishe dalili za hatari: manjano yanayotokea katika siku ya kwanza, mtoto anayekataa ziwa, anayelala mno hata haamshiki, anayelia kwa sauti nyembamba au kujipinda mgongo. Huyo hapelekwi kwa jirani. Apelekwe hospitali saa ile ile. Nne, naftalini iondoke katika masanduku ya nguo za watoto.

Mambo haya yana gharama, hatukatai. Lakini mtoto aliyeharibiwa ubongo atahitaji kulishwa, kubebwa na kuvishwa maisha yake yote, na mzigo huo hauandikwi katika hesabu ya Serikali yoyote. Hubebwa mgongoni na mama mkulima na baba mfanyakazi. Ndugu zetu katika vyama vya wafanyakazi, wanapokaa na waajiri kuzungumzia likizo ya uzazi na matibabu, na wataje pia kipimo hiki. Ni haki ya mtoto wa mpagazi sawasawa na mtoto wa waziri.

Malaria imeandika historia yake katika damu ya watu wetu bila kutuuliza. Kuisoma historia hiyo kwa ajili ya kubaguana ni upumbavu, na kukataa kuisoma ni uzembe. Tuisome, basi, kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa usiku wa leo, na wakunga wapewe vifaa vya kuisoma.